Sura ya Saba: Josho Lililohama

Maneno hayo Sajini Cherono aliyasikia sokoni Ziwa, akiwa ameinama anachagua viazi, wala hakuwa ameuliza mtu. Mwanamke mmoja alimwambia mwenzake kwamba kijana wa Rael, yule wa kompyuta, amevuta shamba la Mzee Macharia kwa kidole tu, kama mtu anavyovuta blanketi, mpaka kaburi la mke wa Macharia likaingia kwa Mzee Kipyego. Mwenzake akasema hiyo si kazi ya bure. Kijana alipewa kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, huko kwa Kipyego, na ndani ya kibuyu hakukuwa na maziwa peke yake. Kisha wakanyamaza, kwa sababu Cherono alikuwa ameinua kichwa.

Alilipia viazi akaenda zake, lakini maneno yalipanda naye kwenye gari. Malalamiko ya Macharia alikuwa nayo tayari, yaliletwa stesheni jana, na mkubwa wake alikuwa amesema kesi ni nyepesi: amtafute kijana, amlete, ashtakiwe kwa hongo. Cherono ana binti anayesoma mbali na nyumbani. Kila akisikia watu wakisema "kijana wa fulani", kitu cha kwanza anachojiuliza ni huyo fulani amelala vipi.

Tena Ziwa si mahali pa kuacha neno kama hilo lizunguke. Watu wa jamii mbili wamepakana hapo, wanauziana mahindi na maziwa, wanazikana. Neno moja baya likipita sokoni asubuhi, jioni limeshafika kwa vijana walio na panga mkononi kwa sababu wametoka kulima.

Alianza shambani.

Mzee Macharia alimpeleka moja kwa moja kwenye kaburi. Lilikuwa la saruji, limefagiliwa, na jina VIRGINIA limeandikwa kwa mkono kabla saruji haijakauka. Hatua chache upande wa chini palikuwa na mstari wa maua yenye majani mapana, umenyooka kutoka barabarani mpaka mtoni.

"Haya kwetu tunaita matoka," Macharia alisema. "Nilipanda mimi na Kipyego, tukishika kamba yeye upande huu mimi upande ule. Ukishapanda matoka, maneno ya mpaka yameisha."

Cherono alichutama, akafukua udongo kidogo kwa vidole. Mizizi ilikuwa minene kama mkono wa mtu, imeshikana. Hakuna aliyeyahamisha maua hayo. Lakini vigingi vyekundu vya watu wa vipimo havikuwa hapo. Vilikuwa juu huko, mbali, vimepita nyuma ya kaburi, nyuma ya shamba lote la viazi, mpaka kimoja kimegongwa mlangoni mwa zizi la ng'ombe. Shamba lote kati ya matoka na vigingi, pamoja na mama wa watu aliyelala pale, kwa hesabu ya ramani mpya lilikuwa la Kipyego.

Mzee Kipyego alikuja na kofia mkononi, akasimama upande wake wa maua. Hakuvuka. Cherono alimuuliza nani aliita watu wa vipimo, akijua jibu la swali hilo ndilo linalomwangushia mtu lawama. Kipyego alisema waliita wote wawili. Walienda mjini pamoja, siku moja, kwa kampuni ya mpimaji mmoja, Nicanor.

"Tuliita vipimo ili tukifa watoto wasigombane," alisema. "Sasa wanagombana na sisi tuko hai."

"Na kibuyu, Mzee?"

"Kijana alitembea hapa na sisi mchana mzima, anauliza, anaangalia kila kona. Mama watoto akamfungia mursik ampelekee mamake. Hata wewe ungeanzia kwangu ungekuwa umeshiba."

Macharia aliangalia chini. Cherono aliona kwamba hakubishana.

Aliyebisha ni Wanjohi, kifungua mimba wa Macharia, aliyekuwa ameegemea jembe. Alisema baba yake ni mpole sana na ndiyo maana wanachezewa. Alisema kijana huyo, Lennox, amezima simu, hajaonekana kazini tangu vigingi vigongwe, na mtu asiye na makosa hatoroki.

"Nyinyi afande mtafuteni na sheria," alisema. "Sisi tutamtafuta na miguu. Tuone nani atafika."

"Kwanza ondoa kigingi mlangoni, ng'ombe wamelala njaa," Cherono alimjibu. Lakini hesabu alikuwa ameipata. Kama hangemfikia Lennox kabla ya Wanjohi na wenzake, kesi ingekuwa ya mauaji.

Kabla ya kuondoka Ziwa alifanya jambo moja ambalo hufanya kila mara. Ukitaka kujua ukweli wa kitu kinachogombaniwa, shika kwanza kitu ambacho hakuna anayekigombania. Alienda mpaka kwenye josho, pale kila mtu huosha ng'ombe wake kupe waanguke, akasimama pembeni mwa lile birika, akafungua simu na kuihifadhi alama ya mahali alipo. Josho limejengwa kwa mawe. Haliwezi kuhongwa.

Ofisi ya Nicanor ilikuwa mjini Eldoret, juu ya duka la mbegu na mbolea. Nicanor mwenyewe alimkaribisha vizuri mno. Ramani alikuwa ameshaichapisha, karatasi kubwa nyeupe yenye mistari myembamba na nambari kila kona. Alisema nambari hizo zimetoka kwa ramani ya zamani ya serikali, hakuna aliyezigusa, na kama kuna ujanja basi ni wa Lennox, ndiye aliyechora.

"Umesema nambari hazikuguswa," Cherono alisema.

"Hazikuguswa."

"Halafu umesema kuna ujanja."

Nicanor alirekebisha tai. Alisema yeye ni mtu wa kuweka sahihi tu, kazi ya kompyuta ni ya vijana, na kijana mwenyewe amekimbia, sasa afande anataka ushahidi gani mwingine. Alikuwa mwepesi sana wa kutoa mtoto wa mwenzake. Cherono akamwekea alama kichwani. Mtu anayetoa jina kabla hajaulizwa, mara nyingi ana jina lingine anaficha, na wakati mwingine ni lake.

Kwenye kona palikuwa na msichana mbele ya kompyuta, amejikunja kama anasikia baridi. Aliitwa Shiko. Ndiye aliyewapa wafanyakazi nambari za kwenda nazo shambani, wao wakafuata kile kifaa cha setalaiti na kugonga kigingi kila kilipolia. Cherono alimwomba aweke picha ya setalaiti chini ya ramani, ile picha inayoonyesha paa na miti.

"Hiyo inachelewesha mashini," Nicanor alisema.

"Nina muda."

Shiko akaiweka. Picha ilijitokeza polepole, kijani na kahawia, mistari ya ramani imelala juu yake. Cherono alivuta kiti. Hakutafuta kaburi. Alimwambia Shiko atafute josho.

Kwenye ramani josho lilikuwa kisanduku kidogo, na kisanduku hicho kilikuwa katikati ya bustani ya kanisa. Kwenye picha, paa la josho lenyewe lilikuwa linang'aa upande wa chini, mbali, karibu mita mia tatu. Cherono alimpa Shiko ile alama ya kwenye simu. Alama ikaanguka juu ya paa, sawasawa.

"Sasa nionyeshe kanisa."

Kanisa la ramani lilikuwa ndani ya mahindi. Barabara ya ramani ilipita juu ya nyumba za watu. Daraja lilikuwa pakavu, na mto uko pale chini unateremka peke yake. Kila kitu kilikuwa kimepanda kaskazini, na kidogo magharibi, kwa kiasi kilekile, kama mtu ameshika kitambaa cha meza na kukisogeza chote na sahani zake.

"Mwizi wa shamba husogeza mpaka mmoja," Cherono alisema. "Kama Kipyego alihonga ili mpaka uhame, basi josho nalo lilihongwa na nani?"

Nicanor alisema labda picha ya setalaiti ndiyo mbovu. Shiko aligeuka, macho yamejaa.

"Madam, mimi nilifungua tu vile ilikuja. Mashini ikaniuliza swali, nikajibu."

Nicanor akamwambia aende alete chai. Cherono alitoka naye. Kwenye ngazi hakumuuliza swali la mashini. Sikio la mkubwa wake lilikuwa mlangoni. Alimuuliza jambo rahisi: Lennox akiogopa, huenda wapi?

Shiko alicheka kidogo huku analia. "Kwa mathake, madam. Ataenda wapi?"

Rael alikaa mtaa wa West Indies, nyumba ya mabati ya kijani yenye kamba ya nguo mbele. Alifungua mlango nusu, akajaza ile nusu na mwili wake. Alisema Lennox hayuko, hajamwona, na kama afande akimpata amwambie mamake anamtafuta. Alikuwa na simu shingoni, ndani ya kimfuko alichofuma mwenyewe kwa uzi wa buluu. Nyuma yake, karibu na jiko, palikuwa na viatu vikubwa vya kiume vyenye udongo mwekundu.

"Mama Lennox," Cherono alisema, "angalia miguu yangu. Nimekuja na sandali. Nikija kushika mtu huwa navaa buti."

Rael aliangalia zile sandali kwa muda mrefu.

"Umekula?" aliuliza.

Ndivyo Cherono alivyoingia. Aliwekewa ugali na mboga na maziwa, na hakuruhusiwa kusema neno la kazi mpaka sahani ionyeshe maua yake ya chini. Mezani, kando ya chumvi, palikuwa na dawa za presha. Alipomaliza kula, pazia la chumba cha ndani lilisogea, na kijana mrefu akatoka akiwa na soksi.

"Andika ni mimi," Lennox alisema kabla hajakaa. "Nilikosea kazi. Sikupewa kitu na mtu. Andika hivyo tu, twende."

"Ulikosea wapi?"

"Kwa kazi."

Cherono ameshasikia watu wengi wakikiri, na ule wepesi haukumpendeza. Aliomba aone kibuyu. Rael akakileta mara moja, kimeoshwa, kimekaushwa juani, na pamoja nacho pakiti ya sukari na ya majani ya chai.

"Nilikuwa nangoja mtu wa kwenda Ziwa," Rael alisema. "Kibuyu cha mtu kinarudije kitupu? Sasa nasikia wanasema kilikuwa na pesa. Jaribu kuingiza mkono wako hapo."

Cherono alijaribu vidole viwili, vikakwama. Alinusa: mkaa wa mti na maziwa. Mtu anayejua mursik hawezi kutia noti humo, angezitoa zimekuwa uji. Akakiweka mezani, na hapo akamaliza mambo ya hongo kichwani mwake.

"Kijana," alisema, "nimeona josho liko kwa kanisa. Nielezee kama mtu ambaye hajui kitu."

Hapo Lennox akabadilika, kama watoto wetu wanavyobadilika ukiwauliza kitu wanachokipenda. Alichukua gazeti akakifunga nalo kibuyu. Karatasi ilijikunja hapa, ikapasuka pale. Alisema dunia ni kama hicho kibuyu na ramani ni kama hilo gazeti. Huwezi kulaza karatasi kwa kitu cha mviringo bila kuchagua utaanzia wapi na utakubali ijikunje wapi. Waliopima nchi zamani walichagua kwao pa kuanzia, na namna yao inaitwa Arc 1960. Imeandikwa pembeni mwa ramani zote za zamani. Setalaiti na simu zetu zinaanzia mahali pengine. Nambari zinafanana kwa sura, lakini ukichukua nambari ya zamani ukaisoma kwa namna ya simu, kwetu huku unatupwa karibu mita mia tatu kaskazini na kidogo magharibi.

"Na hakuna aliyegusa nambari," Cherono alisema.

"Hakuna. Nambari ni safi. Ni kusomwa vibaya."

Akafungua kompyuta yake. Kwenye ramani yake, kisanduku cha josho kililala juu ya paa la josho. Kanisa kwa kanisa. Daraja juu ya mto. Na mstari wa mpaka wa wazee wawili ulipita chini ya kaburi, mahali palepale matoka yalipo.

Ramani ni moja, nambari ni zilezile. Kwa kijana imekaa, kwa Shiko imehama. Basi kilichopotea kilipotea njiani.

"Ulimtumiaje Shiko?"

"Kwa simu. WhatsApp."

"Faili moja?"

"Ramani si faili moja." Alionyesha kwenye kioo. Zilikuwa kadhaa zenye jina moja, kama ndugu: moja ya mistari, moja ya majina, moja ya kupanga, na moja ndogo kabisa, ya maneno machache, inayosema tu kwamba nambari hizi zimehesabiwa kwa namna ya Arc 1960. Hiyo ndogo ikikosa kufika, programu haijui isome vipi, kwa hivyo inamuuliza aliyefungua. Na Shiko, ambaye kazi zake zote hutoka kwa simu, akachagua ya simu.

"Kwa nini hii ndogo haikufika?"

Lennox alifunga kompyuta. Aliangalia meza, akaangalia zile dawa, akarudi kwa meza. "Nilisahau. Si nimesema andika ni mimi?"

Rael hakuweza kuvumilia mtoto wake akijisingizia. Akaanza kuongea huku anaondoa sahani, kwamba huyu mtoto hasahau kitu tangu darasa la kwanza, kwamba siku hiyo hata hakuwa ofisini, alikuwa Turbo kwa kazi nyingine. Ilikuwa ile siku ya mvua kubwa, watu wakasema daraja limechukua gari.

"Mimi nikapiga simu," alisema. "Nikapiga, nikapiga, nikapiga, nikajua amekwenda na maji. Akashika mwishowe. Akaniambia, Mama niko salama, natuma tu kazi, tulia. Akaongea na mimi mpaka moyo wangu ukarudi. Huyo ndiye mtu wa kusahau?"

"Mama," Lennox alisema polepole. "Mama, chai."

Cherono aliweka kijiko chini bila kukigonga. Alimwomba kijana amsindikize nje akaone kama nguo zimekauka.

Walisimama kati ya mashuka. Lennox ndiye aliyesema.

"Presha ilimlaza mwezi uliopita. Akijua ni simu yake ndiyo ilinitoa kwa hiyo kazi kabla sijatuma ile ndogo, na watu karibu wauane, hatalala tena. Afadhali waseme nilihongwa."

"Na Wanjohi akikupata barabarani, yeye atalala vipi?"

Cherono alimpigia Shiko papo hapo. Shiko alikwenda chooni na simu ndiyo aongee, akathibitisha: faili ndogo hakuipata, Lennox alikuwa hapatikani tena baadaye, Nicanor alikuwa anapiga kelele kwamba wafanyakazi wanangoja, naye akachagua. Alimwambia Nicanor baada ya vigingi kwamba ana wasiwasi. Nicanor akamwambia anyamaze, sahihi imeshawekwa.

Hilo ndilo jina Nicanor alikuwa anaficha: lake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata walienda Ziwa wote: Cherono kwa buti, Lennox, Shiko na Nicanor ambaye hakutaka. Rael alikataa kubaki. Alikaa kwenye gari na kioo kimeteremshwa, kibuyu mapajani, simu shingoni. Wanjohi na wenzake walikuwa wamesimama barabarani, na walipomwona Lennox walianza kuja. Cherono alitembea mbele yake.

"Leo amekuja na miguu yake mwenyewe," alimwambia Wanjohi. "Wewe lete yako tutembee pamoja."

Hakuanzia kwenye kaburi. Aliwapeleka josho. Alimwacha Lennox aweke kifaa juu ya birika, kwanza kwa namna Shiko aliyochagua, kikawaambia josho liko huko juu kwa kanisa. Watu wakacheka, mmoja akasema basi ng'ombe wake wameoshwa na kasisi. Kisha akaweka ramani kwa Arc 1960 na kuiambia programu igeuze nambari ziwe za setalaiti, si kubandika jina jipya tu. Josho likarudi kwenye josho.

Baada ya hapo hakuna aliyebisha. Walitembea mpaka shambani, Lennox mbele, na kifaa kikalia kwa mara ya kwanza katikati ya matoka, miguu ya kijana imezama kwa majani. Wanjohi alikwenda juu peke yake akaanza kung'oa vigingi. Alivibeba kifuani kama kuni, akavimwaga mbele ya Nicanor.

Kipyego ndiye aliyevuka maua. Alikwenda akasimama kando ya kaburi, akaondoa jani kavu lililokuwa juu ya jina. Macharia akasogea akampa nafasi. Hawakusema kitu ambacho Cherono angeweza kuandika.

Nicanor alitaka kujiokoa mbele ya watu. Aliuliza kwa sauti, faili ilikosaje kufika, huyo kijana alikuwa anafanya nini cha maana zaidi ya kazi ya ofisi? Walikuwa karibu na gari. Kioo kilikuwa chini.

"Mtandao," Lennox alisema.

"Mtandao ulikuwa mbovu," Cherono alisema. "Siku ile ya mvua. Mimi mwenyewe sikupata mtu. Sasa wewe njoo tuongee kuhusu sahihi yako, na msichana uliyemnyamazisha."

Rael alimwangalia mwanawe. Akamwangalia Cherono. Siku ya mvua. Midomo yake ilisogea kidogo, kama mtu anayehesabu. Kisha akainua ule uzi wa buluu juu ya kichwa, akautoa shingoni, akaweka simu ndani ya mkoba na kufunga zipu mpaka mwisho. Akashuka na kibuyu, sukari na majani, akaenda kumtafuta mke wa Kipyego.

Mpaka leo hajaitaja simu ile.

Wiki hiyo Cherono alipita tena ofisini juu ya duka la mbegu, kuchukua taarifa ya mwisho ya Shiko. Lennox alikuwa kwenye kompyuta, anatuma kazi. Alituma zote, akampigia Shiko kuuliza kama zote zimefika, Shiko akamwinulia dole gumba kutoka upande wa pili wa chumba. Ndipo akachukua simu tena.

"Mama," alisema. "Nimemaliza. Niko hapa nakusikiza."

Ukutani, kando ya dirisha, palikuwa na karatasi. Cherono ndiye aliyeiandika, kwa maneno ya kila siku, na Shiko akaibandika. Mzazi ambaye mtoto wake anafanya kazi hii anaweza kuinakili.

Usitume ramani nusu. Zifunge zote pamoja, na ile ndogo, halafu uulize kama zimefika.

Usijibu swali la programu kwa mazoea. Soma pembeni mwa ramani ya zamani uone walianzia wapi.

Usibadilishe jina la namna ya kusoma ukidhani umegeuza nambari. Nambari zenyewe lazima zigeuzwe.

Usichapishe karatasi nyeupe bila kuweka picha ya setalaiti chini yake kwanza.

Usigonge kigingi cha mtu yeyote kabla hujapima josho, au kanisa, au kitu kingine ambacho hakina mwenyewe.

Usiweke sahihi kwa kitu ambacho hukukiangalia.

Usimnyamazishe anayesema ana wasiwasi.

Usibebe maneno ya sokoni.

Usikimbie. Ukikosea, njoo useme mchana, mbele ya watu.

Usiache kumpigia mama. Lakini maliza kutuma kwanza.